Anayetaka kuona milima ya China aanze na wenyeji, asianze na picha

Mhariri,

Assalaam alaykum warahmatullah.

Ukurasa wenu wa safari uliwashauri Waislamu wanaotaka kwenda kutazama milima ya China waagize mboga, mayai na matunda, kisha wawe na amani. Nashukuru kwamba mmelikumbuka jambo hili. Wasomaji wenu wengi hufuata mizigo Guangzhou na Yiwu kila mwaka, na wapo wanaotamani kubaki siku chache waione nchi kabla ya kurudi. Ila ushauri huo haumfikishi Mwislamu mbali. Nimenunua nguo huko kwa muda mrefu, na nimewahi kumchukua mama yangu mzazi, mtu mzima mwenye magoti mabovu, nikamtembeza milimani mwezi wa Juni. Naomba nafasi nieleze kwa nini nasema hivyo.

Mboga kwanza. Katika mikoa ya Anhui na Hunan, yenye milima ile inayojaza kalenda za ukutani, mafuta ya nguruwe ni mafuta ya jikoni ya kila siku. Mboga za majani hukaangwa kwayo ili zing'ae na zinukie. Karai nalo ni moja. Mpishi akimaliza kukaanga nguruwe hulimwagia maji ya moto, hulisugua kwa ufagio mdogo wa mianzi, kisha hutia mboga zako. Ukimwambia hutaki nyama atakuelewa kwa moyo safi na atakuondolea vipande vya nyama, lakini nyama ya kusaga iliyonyunyizwa juu ya maharage machanga kwake ni kiungo, wala haimjii akilini kwamba nayo umeikataa. Samaki hutiwa mvinyo wa kupikia ili kukata shombo. Mayai hupita karai lile lile. Hapo hakuna anayekudanganya. Ni upishi wao tu, na mpishi hawezi kubadili jiko zima kwa ajili ya mteja mmoja aliyeingia saa sita mchana na foleni iko nyuma yake.

Kwa hiyo tatizo haliko mezani, liko kwenye kupanga. Mtu anaona picha ya nguzo za mawe zilizozama kwenye ukungu, anakata tiketi ya ndege, analipia hoteli, ndipo anaanza kuuliza atakula nini na atasali wapi. Mimi naomba tuugeuze mpango: tutazame kwanza Waislamu wa China wanaishi wapi, halafu tuulize ni mlima gani uko karibu nao. China ina makabila 56 yanayotambuliwa na serikali, na 10 kati ya hayo ni ya Kiislamu. Wahui peke yao, kwa sensa ya 2020, wamepita milioni 11, na wamesambaa karibu kila mkoa, ingawa kitovu chao ni kaskazini magharibi. Huko milima ipo, tena mikubwa, na harufu ya kondoo wa kuchemsha huipata kabla hujaiona milima yenyewe.

Anayekwenda mara ya kwanza ningemwanzishia Xi'an, mkoa wa Shaanxi. Msikiti Mkuu wa Xi'an, kwa mapokeo ya wenyewe, uliasisiwa mwaka 742, na majengo yanayoonekana leo kwa sehemu kubwa ni ya enzi ya Ming, kuanzia 1392. Usitafute kuba. Utakuta nyua zinazofuatana, malango ya mbao, miti mikongwe, mnara wa ghorofa wenye pembe nane na paa za vigae zilizopinda kuelekea juu. Ndani ya ukumbi wa sala kuta zina mbao zilizochongwa aya za Qur'ani. Watalii hukata tiketi na huishia nje ya ukumbi huo. Mwislamu akitoa salamu na kuonyesha kwamba amekuja kusali, huingia.

Kuuzunguka msikiti ni mitaa ya Wahui. Barabara kuu ina watalii na makelele. Ingieni vichochoro vya Dapiyuan na Sajinqiao, wanakokula wenyeji. Huko ndiko nilikomkalisha mama mbele ya bakuli tupu na mikate miwili migumu. Akanitazama. "Mwanangu, supu yenyewe iko wapi?" Chakula hicho kinaitwa yangrou paomo, na kazi huanza kwa mlaji: unauvunja mkate kwa vidole, vipande vidogo kama punje za dengu. Ukiacha vipande vikubwa mkate haunywi supu. Ukimaliza, bakuli lako hurudi jikoni na namba yake ili lisichanganyike na la mwingine, linatiwa supu ya kondoo, nyama na tambi zile laini zinazoonyesha upande wa pili, kisha linaletwa na vitunguu saumu vilivyolowekwa kwenye siki na sukari. Mama alivunja mikate yote miwili bila haraka. Mzee mmoja wa meza ya jirani, mwenye kofia nyeupe, alikuwa akivitazama vidole vyake, na alipoona vipande vimekwenda sawa akamwinulia dole gumba. Mama akamtolea salamu, mzee akaitikia kikamilifu. Hawakuwa na lugha nyingine ya kuendelea nayo. Lakini tangu hapo mama hakuniuliza tena, katika mji ule, kama chakula ni halali.

Mlima wa Xi'an ni Huashan, kilomita 120 hivi mashariki ya mji. Ni jabali la graniti lenye vilele vitano, na kile cha kusini, kirefu kuliko vyote, kina mita 2,154.9. Treni ya mwendo kasi kutoka stesheni ya kaskazini ya Xi'an hukufikisha Huashan kabla saa moja haijaisha, kwa hiyo unakwenda asubuhi na kurudi kulala mjini. Magari ya kebo ni mawili, la kilele cha kaskazini na la kilele cha magharibi. Mwenye magoti kama ya mama apande na kushuka kwa hilo la magharibi, maana linamfikisha juu bila ngazi nyingi, na safari yake peke yake inatosha kuwa ziara: zaidi ya kilomita nne angani, linapanda, linateremka kuvuka bonde, linapanda tena ubavuni mwa ukuta wa mwamba hadi kituo cha juu kilichochimbwa ndani ya jabali. Vijana wenye roho ngumu huenda kwenye ubao uliobanwa ukutani mwa mlima upande wa kusini, wakiwa wamefungwa mikanda. Wengine tulikaa karibu na minyororo iliyojaa kufuli na vitambaa vyekundu, tukaitazama milima ya Qinling ikipishana hadi macho yakachoka.

Usitegemee chakula cha halali juu ya Huashan. Beba mikate ya Wahui, mayai uliyochemsha mwenyewe, tende, na chupa ya maji ya moto. Maji ya moto ndiyo neema ya msafiri nchini China: yako stesheni, ndani ya treni mwishoni mwa kila behewa, hotelini, na mara nyingi msikitini. Mwenye chupa nzuri, shayiri ya kukoroga na pakiti za tambi alizozinunua duka la Kiislamu hawezi kushinda na njaa.

Nitaje pia jambo ambalo watu huniuliza kwa sauti ya chini. Huashan ni mmoja wa milima mitano mitukufu ya Kichina, na mahekalu ya Watao, wafuasi wa dini ya kale ya Kichina, yako njiani. Je, Mwislamu apande? Mimi nilipanda kutazama alichokiumba Mwenyezi Mungu, nikayapita mahekalu bila kuwasha ubani wala kununua hirizi wala kufunga kufuli la nadhiri, na sikuona wa kunilazimisha. Mwenye shaka amuulize sheikh wake kabla ya safari.

Kutoka Xi'an reli inaendelea magharibi hadi Lanzhou, mji mkuu wa Gansu, uliojipanga kando ya Mto Manjano. Wengi wenu mmekula tambi za Lanzhou Guangzhou au Yiwu. Maduka hayo yametapakaa nchi nzima, na mengi yake yanaendeshwa na watu wa wilaya ya Hualong mkoani Qinghai. Lanzhou kwenyewe ni chakula cha asubuhi. Unamwambia mvutaji upana wa tambi unaoutaka, nyembamba kama uzi au pana kama mkanda, naye anaivuta mbele yako, anaikunja, anaivuta tena, mpaka inaingia kwenye sufuria. Supu ya ng'ombe nyeupe isiyo na ukungu, figili, pilipili ya mafuta, giligilani. Amka mapema, kwa sababu maduka mazuri hufunga baada ya mchana.

Kusini magharibi ya Lanzhou kuna Linxia, ambako zaidi ya nusu ya watu ni Wahui na ndugu zao Wadongxiang, Wabonan na Wasalar. Wachina wenyewe huiita Makka Ndogo. Huko hautafuti mgahawa wa halali, unachagua. Kondoo wa Kidongxiang huchemshwa kwa chumvi na viungo vichache, huletwa kwenye sinia na huliwa kwa mkono pamoja na vitunguu saumu vibichi. Kisha chai ya kikombe chenye mfuniko na kisahani, ndani mna majani ya chai, tende za Kichina, zabibu kavu, matunda makavu ya longani na mawe ya sukari, na kila ukinywa mtu anakuja kuongeza maji. Karibu na hapo, kwenye bwawa la Liujiaxia, boti hukupeleka hadi Bingling, mahali penye mapango ya kale ya Wabuddha yaliyoingizwa kwenye urithi wa dunia mwaka 2014 pamoja na Njia ya Hariri. Hata asiyetaka kuingia mapangoni atapata alichokijia, kwani majabali yaliyosimama kuizunguka ghuba ile ni mandhari ya kutosha.

Ila mahali ambapo mama alikaa kimya muda mrefu ni Zhangye. Reli ya mwendo kasi ya kutoka Lanzhou kwenda Urumqi, iliyofunguliwa Desemba 2014, inapitia Xining, inaikata milima ya Qilian kwa mahandaki yanayofika juu ya mita 3,600, kisha inashuka Zhangye. Kilomita 40 hivi kutoka mjini ndiko iliko milima ya rangi: matabaka ya mchanga na udongo yaliyogeuka mawe, chuma kikayapaka mekundu, manjano na kahawia, halafu ardhi ikayakunja. Mwaka 2020 UNESCO iliiweka katika hifadhi zake za jiolojia. Ndani unapelekwa na mabasi ya hifadhi kutoka jukwaa hadi jukwaa, na ngazi ni za mbao, hazimuui mzee. Nenda alasiri ukae mpaka jua lizame, au nenda baada ya mvua, rangi zinapokolea. Mchana wa jua kali utaona vilima vilivyopauka na utasema picha zilikudanganya. Asubuhi yake panda gari kwenda Mati, kilomita 60 na ushei kusini mwa mji, chini ya Qilian yenyewe, uone theluji ikiwa juu na malisho ya kijani yakiwa chini. Chakula cha halali kinapatikana mjini Zhangye bila tabu.

Tahadhari ya urefu: Xining iko mita 2,275 juu ya usawa wa bahari na Ziwa Qinghai karibu mita 3,200. Mwenye presha au pumu amwone daktari wake kwanza, na asipange kupanda sana siku ya kuwasili. Mlima wa theluji wa Yulong Xueshan, mkoa wa Yunnan, ambako gari la kebo hukushusha mita 4,506, nisingempeleka mzee.

Sasa sala, ambayo ukurasa wenu haukuigusa kabisa. China yote hutumia saa ya Beijing, hata huko magharibi ambako jua liko nyuma sana ya saa. Zhangye mwezi wa Juni adhuhuri huingia baada ya saa saba mchana, magharibi karibu saa tatu kasorobo usiku, na isha baada ya saa nne na nusu. Usipojua hili utapanga chakula na treni kwa mazoea ya kwenu na sala zitakukimbia. Kibla ni magharibi. Kwa Waswahili tuliozoea kuelekea kaskazini mwili unasahau, hasa ukiamka alfajiri hotelini, kwa hiyo nilikuwa nikiweka mswala tayari kabla ya kulala.

Waislamu wa huko wengi ni Hanafi. Alasiri yao huingia zaidi ya saa moja baada ya ile tunayoihesabu sisi Mashafi, na wao hawakusanyi sala safarini kama tunavyokusanya. Ukiingia msikitini ukakuta hawajaadhini alasiri, sali zako pembeni kwa utulivu bila kubishana na mtu. Kwangu ruhusa ya kukusanya na kufupisha ndiyo iliyowezesha siku za mlimani: adhuhuri na alasiri tulizisali pamoja kabla ya kushuka, mahali pasipo na watu, mmoja akisali mwingine akilinda mizigo. Kuhusu udhu, misikiti ya Wahui huwa na vyumba vya kuogea na mabirika ya kutawadhia, na katika baridi ya kaskazini maji huwa yamepashwa moto. Wanawake wenzangu msiogope: baadhi ya miji ya China ina hata misikiti ya wanawake yenye walimu wanawake, na ule wa Wangjia kule Kaifeng, mkoa wa Henan, ni wa tangu 1820. Penye msikiti wa wanaume tu, uliza kwa adabu kama kuna chumba.

Lazima pia tuseme sheria zilivyo. Kanuni za masuala ya dini zilizorekebishwa 2017 na kuanza kutumika Februari 1, 2018 zinataka ibada za pamoja zifanyike katika sehemu zilizosajiliwa, na masharti mapya kuhusu ibada za wageni yalianza Mei 1, 2025. Kwa msafiri maana yake ni kwamba usipange sala ya jamaa ya watu kumi kwenye jukwaa la kutazamia mlima, usihubiri, usibebe katoni la vitabu vya kugawa. Msahafu wako wa kusoma unatosha. Baadhi ya misikiti hairuhusu walio chini ya miaka 18 kuingia, hivyo mwenye watoto aulize mlangoni. Na katika miaka ya karibuni misikiti mingi imeondolewa kuba na minara na kuwekewa paa za Kichina, na maandishi ya Kiarabu yamefutwa kwenye vibao vya migahawa mingi. Anayetembea akitafuta kuba na neno halali kwa Kiarabu ataupita msikiti na ataipita migahawa bila kujua.

Watu wataniuliza habari za Xinjiang, jimbo la magharibi kabisa, kwa kuwa milima yake ya Tianshan ina theluji na maziwa na imo kwenye urithi wa dunia tangu 2013. Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilitoa ripoti Agosti 31, 2022 ikisema kwamba waliyotendewa Waislamu wa Uighur na wengine huko huenda yakawa uhalifu dhidi ya ubinadamu. Serikali ya China inakanusha. Mimi nilishindwa kuiweka kwenye ratiba ya matembezi. Simhukumu aliyekwenda, lakini ukurasa wa safari ukiitaja Tianshan uyataje na hayo.

Kwa mwenye muda mchache katikati ya biashara, upo mpango mfupi. Aliyeko Guangzhou apande treni kwenda Guilin. Vilima vya chokaa vya Mto Li, vile vilivyo nyuma ya noti ya yuan 20, viko hapo hapo, na Guilin ina Wahui wa tangu zamani. Bai Chongxi, jenerali Mwislamu aliyepata umaarufu katika jeshi la China karne iliyopita, alizaliwa huko 1893. Tambi za mchele za halali zipo mjini, kwa hiyo kula hapo na ubebe unapokwenda Yangshuo, mji mdogo ulio kando ya mto huo. Aliyeko Yiwu anaweza kufika Huangshan kwa kupitia Hangzhou, kwa reli iliyofunguliwa Desemba 2018. Yiwu imejaa migahawa ya Wahui, Waarabu na Waturuki, basi funga chakula chako huko. Huangshan imo kwenye urithi wa dunia tangu 1990, kilele chake kirefu kina mita 1,864, na uzuri wake ni kulala juu, hotelini, ili uamke na bahari ya mawingu. Juni alfajiri huingia kabla ya saa kumi na jua huchomoza saa kumi na moja na dakika chache, hivyo unasali kwanza, kisha unatoka kutazama pamoja na umati. Zhangjiajie, yenye nguzo za mawe zaidi ya 3,000 na lifti ya mita 326 ubavuni mwa jabali, naipendekeza kwa anayeweza kuishi kwa chakula alichobeba siku mbili tatu bila kunung'unika. Kumpeleka mzee huko bila maandalizi ni kumtesa.

Mengine nayapitisha haraka. Usiende wiki ya Oktoba 1 wala sikukuu ya Mei 1. Milima huwa imejaa watu hadi hakuna pa kuweka mguu. Tiketi za treni na za hifadhi huandikwa kwa pasipoti, kwa hiyo itembee nawe kila siku. Malipo ni kwa simu, na tangu 2023 kadi za benki za nje huunganishwa na Alipay na WeChat. Jaribu kabla ya kuondoka nyumbani, na uweke noti chache za yuan mfukoni. WhatsApp na Google hazifunguki kwa intaneti ya huko, ila laini ya nje iliyowashwa kwa matumizi ya ugenini kwa kawaida huzifungua. Na Tibet inahitaji kibali cha pekee mbali na viza.

Ombi langu kwenu, Mhariri, ni dogo. Rudieni makala ile mkiondoa ushauri wa mboga, na mahali pake chapeni kwa herufi kubwa maandishi haya mawili ya Kichina: 清真, yanayosomwa "qingzhen". Ndiyo yaliyobaki kwenye vibao vya migahawa ya Waislamu baada ya Kiarabu kufutwa, na ukiyaandika kwenye ramani ya simu ya Kichina yanakuonyesha mgahawa wa karibu hata kwenye mji mdogo chini ya mlima. Msomaji ayakate, ayaweke ndani ya pasipoti. Akifika mlangoni aangalie pia kama kuna cheti ukutani karibu na mpokea fedha, na kama rafu haina pombe, halafu atoe salamu. Msimu wa Juni unakaribia na watu wameshaanza kuomba viza, kwa hiyo mkiweza itoke toleo la Ijumaa.

Wassalaam,
Msomaji wenu, mfanyabiashara wa nguo